Kilomita Mia Tatu na Kumi na Nane

Uwanja wa Bedan Wachira uko kando ya barabara ya Namanga, mwendo mfupi baada ya majengo ya mwisho ya ghorofa ya Kitengela. Una ua wa mabati, mashine mbili za kuchomelea na rundo la vyuma vilivyopangwa kwa urefu. Hauna bango. Kwa miaka ishirini na moja bango halikuhitajika, kwa sababu jina la Wachira lilikuwa likisafiri lenyewe, nyuma ya malori ya mbuzi na ng'ombe, kutoka Namanga hadi Garissa.

Wachira, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, anajenga vizimba. Kizimba ni fremu ya chuma inayosimamishwa juu ya lori ili mifugo isimame ndani bila kuangukiana. Lori likitoka dukani huwa tambarare nyuma, na lori tambarare halina kazi katika soko la mifugo la Kajiado. Ndiyo maana kila anayenunua lori la mifugo huku hulipeleka kwa fundi kabla hajalipeleka sokoni. Fundi humjengea kizimba na kumwongezea springi za nyuma ili gari lisikae chini likibeba. Hakuna anayeuliza kama inafaa. Ni kama kumtia mtoto nguo.

Alizaliwa Othaya, akajifunza kuchomelea katika chuo cha ufundi cha kijiji, akaja Kitengela mwaka 1998. Alianza na mageti ya watu waliokuwa wakinunua ploti. Kizimba chake cha kwanza alikijenga mwaka 2003 kwa mfanyabiashara wa Bissil, nacho kilipasuka mwezi wa pili. Ng'ombe watatu walivunjika miguu. Mwenye lori alirudi, akasimama getini, akamwambia maneno ambayo Wachira hapendi kuyarudia. Wachira alikivunja kizimba chote na kukijenga upya bila malipo.

Desturi yake ilianzia hapo. Alikata herufi kwenye kipande cha bati, na kuanzia siku hiyo kila kizimba kilichotoka kwake kilipulizwa rangi nyeupe kwenye mlango wa nyuma: WACHIRA VIZIMBA KITENGELA, kisha nambari ya simu, kisha kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi siku ya kazi. Maana ya zile kilomita ilijulikana na kila dereva. Kizimba kikipata ufa kabla ya kutembea kilomita elfu hamsini kutoka hesabu ile, Wachira anakichomelea bure.

"Karatasi hupotea," anasema. "Mlango wa nyuma haupotei."

Katika miaka yote hiyo watu kumi na mmoja walirudi kudai, na wote aliwatengenezea. Jicho lake la kulia halioni vizuri tena. Ni mwanga wa kuchomelea, na ujana wa kudhani miwani ni ya waoga.

Roble Aweys alikuwa mteja wake, halafu akawa rafiki. Ana umri wa miaka arobaini na minne, ukoo wake ni wa Wajir, na amenunua mbuzi Kajiado na kuwapeleka machinjioni tangu alipokuwa kijana. Muda wote huo alikodi malori ya wengine. Ijumaa baada ya swala alizoea kupitia kwa Wachira na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Wawili hao walikuwa wakiketi juu ya chuma na kubishana kuhusu mvua, serikali na ni nani kati yao atakayezeeka vibaya.

Mwezi Machi 2024 Roble aliingia uwanjani na lori jipya. Si jipya kutoka Japani, lililotumiwa na mtu mwingine miaka minane. Jipya kabisa, karatasi ya plastiki ikiwa bado kwenye viti. Alikuwa ameuza ploti yake ya Isinya.

"Warya, umeiba wapi?" Wachira aliuliza, akimwita kwa Kisomali kama wanaume wanavyoitana.

"Nimechoka kuendesha gari za marehemu," Roble alisema. "Hii iko na waranti. Miaka tatu ama kilomita laki moja. Ikiharibika, wenyewe wanatengeneza. Mimi nakunywa chai."

"Na mimi nitakula wapi?"

"Wewe jenga kizimba, wacha wivu."

Waranti hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya kitabu cha kurasa zaidi ya themanini, kwa Kiingereza, kilichokuwa kwenye kisanduku cha mbele pamoja na spana ya magurudumu. Ukurasa mmoja ulihusu kazi za kuongeza bodi ya kubebea mzigo. Ulisema kwamba bodi ifungwe kwa bolti katika matundu yaliyoachwa na kiwanda. Ulisema kwamba iwapo ni lazima kuchomelea, waya zote mbili za betri zitolewe kwanza, na kompyuta ya injini ichomolewe. Roble hakuufungua ukurasa huo. Wachira hakujua kuwa upo.

Lakini habari ya betri Wachira aliijua. Alikuwa ameijua tangu mwaka 2011, alipounguza alteneta ya basi la shule, na tangu wakati huo kazi yake ya kwanza kwa kila gari ilikuwa kuchukua spana namba kumi na kutoa waya za betri. Aliifanya bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Jumamosi ile alikuwa na spana mkononi. Betri ya lori hilo iko ubavuni, chini ya kabini. Roble alikuwa ameketi ndani na milango wazi, akisikiliza redio. Wiki nzima kulikuwa na uvumi kwamba serikali itaweka karantini ya mifugo kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Karantini ikiwekwa, soko la Kajiado lingefungwa, na mtu aliyeuza ploti kununua lori la mbuzi angebaki na lori la hewa. Taarifa ya habari ilikuwa karibu kuanza.

"Roble, toka. Nataka kuzima umeme."

"Fundi, ngoja kidogo. Wacha nisikie hii ya karantini."

Wachira alingoja. Taarifa ilianza na mambo ya Nairobi, ikaendelea na mambo ya Nairobi. Mashine ilikuwa tayari imewashwa, na mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa Namanga. Akaiweka spana juu ya tairi, akabana klampu kwenye chasi, akaanza kuchomelea nguzo ya kwanza.

Karantini haikutangazwa. Roble alitoka kabini akicheka, akampiga Wachira begani. Kufikia saa hiyo nguzo nne zilikuwa zimesimama, na Wachira hakuona sababu ya kutoa waya za betri katikati ya kazi. Lori lilikuwa bado linawaka. Jioni alisoma dashibodi: kilomita 318. Roble alikuwa ameliendesha kutoka Nairobi hadi Namanga kumwonyesha shemeji yake, kisha akarudi nalo Kitengela. Wachira alipuliza rangi mlango wa nyuma: jina, simu, KM 318.

Kwa miezi minane lori lilifanya kazi bila kukohoa. Halafu siku moja ya Novemba, likipanda kutoka Namanga na mbuzi themanini na wawili, lilizimika karibu na Bissil saa nane mchana. Halikutoa moshi wala kelele. Lilizima tu, na taa zote za dashibodi zikawaka pamoja. Roble alijaribu kuliwasha hadi mkono ukamchoka. Kabla ya lori jingine kupatikana, mbuzi sita walikuwa wamekufa kwa joto ndani ya kizimba. Wengine waliteremshwa na kukaa kwenye kivuli cha lori. Kizimba chenyewe hakikuwa na ufa hata mmoja.

Kampuni iliyouza lori ilimtuma mkaguzi, mhandisi aitwaye Mutheu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole na asiyerudia neno. Alifika katika yadi ya Kitengela ambako lori lilivutwa, akalala chini yake kwa nusu saa, akapiga picha springi, nguzo na mlango wa nyuma. Wachira alikuwapo. Roble ndiye aliyemwita.

"Kompyuta ya injini imekufa," Mutheu alisema akijipangusa mikono.

"Basi mtaweka ingine," Roble alisema. "Hata mwaka haijaisha."

"Ningependa. Lakini gari hii imebadilishwa."

"Umeona kizimba ndio unasema imebadilishwa. Mama, nenda Kajiado siku ya soko, utafute gari moja haina kizimba. Nikikosa kukupa mbuzi, niite mwongo."

Mutheu alitabasamu kidogo. Akawaeleza jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba kuongeza kitu kwenye gari hakufuti waranti yote kwa mpigo. Springi zilizoongezwa zinaondoa waranti ya springi, ekseli na chasi, kwa sababu ndizo zinazobeba mzigo wa ziada. Hazina uhusiano na kompyuta. Kizimba nacho si kosa. Swali lake lilikuwa moja tu: kilichomelewa vipi?

"Umeme wa kuchomelea lazima utafute njia ya kurudi kwenye mashine," alisema. "Waya za betri zikiwa bado zimefungwa, unaweza kupita kwenye kompyuta. Wakati mwingine hauiui siku hiyo. Unaijeruhi, halafu inakufa baadaye barabarani. Fundi, ulitoa waya za betri?"

Wachira alimtazama Roble. Roble alikuwa akitazama tairi.

"Mimi hutoa kila wakati," Wachira alisema.

Yalikuwa maneno ya kweli, yenye siku moja iliyokosekana.

Mutheu hakuandika jibu hilo. Alitoa karatasi kwenye faili na kumpa Roble. Ilikuwa tamko la fundi wa bodi, la mistari sita, likithibitisha kwamba waya zote mbili zilitolewa kabla ya kazi. Fundi aweke sahihi, kampuni ikubali, kompyuta mpya iwekwe.

"Nawaambia na jambo la pili," alisema. "Kama hazikutolewa, niambieni hivyo hivyo. Kuna kamati. Mteja ambaye hakuelezwa vizuri wakati wa kununua, kampuni inaweza kugawana naye gharama, nusu kwa nusu. Nimeona wakifanya. Lakini karatasi ikiwa na uongo, faili inafungwa na haifunguliwi tena."

Akaondoka. Wanaume wawili wakabaki na karatasi.

Hakuna kati yao aliyeamini habari ya kamati. Wachira alikuwa amewahi kukiri kosa dogo katika ofisi ya ardhi, na lile kosa ndilo likawa kesi nzima. Roble alikuwa na mjomba aliyekubali polisini kwamba alikuwapo mahali fulani, na kukubali huko kukamgharimu miezi minane. Walichojifunza wote wawili, kwa njia tofauti, ni kwamba ofisi humwuliza mtu ukweli ili ipate pa kumshikia. Nusu waliyoahidiwa ilisikika kwao kama mtego. Sahihi ndiyo iliyosikika kama mlango.

Ijumaa iliyofuata Roble alikuja na chupa ya chai kama kawaida, na ile karatasi ndani ya bahasha.

"Siwezi kukulazimisha," alisema.

"Hujanilazimisha."

"Ni mimi nilikwambia ungoje."

"Na ni mimi sikungoja."

Walikunywa chai. Roble akasema kwamba Hibaq, mkewe, alikuwa ameanza kuuliza kwa nini ploti ya Isinya iliuzwa. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kila asubuhi, kwa sauti ile ile, akifungua duka.

Wachira aliichukua karatasi nyumbani. Mkewe, Ciku, aliisoma ikiwa mezani.

"Ulitoa hizo waya?"

"Siku hiyo, hapana."

"Basi hii karatasi inakuuliza kitu kimoja, na jibu unalijua."

"Ciku, mtu ameuza shamba."

"Nimesikia. Na wewe umewahi kuweka jina lako mahali si kweli?"

Wachira aliikunja karatasi. Aliweka sahihi asubuhi, kabla ya chai, kwa kalamu ya kuandikia vyuma, akaandika chini yake nambari ya kitambulisho na tarehe ya kazi. Mkono wake una maandishi mazuri. Herufi zake kwenye karatasi zilifanana na zile za milangoni.

Kilichotokea baadaye hakuna aliyekitazamia, na hakikuwa siri. Kilikuwa kimeandikwa kwenye kitabu kile kile cha kurasa themanini, katika ukurasa ulioeleza kwamba kompyuta ya injini huhifadhi kumbukumbu ya kila hitilafu ya umeme, pamoja na kilomita za gari wakati hitilafu ilipotokea. Kampuni ilikuwa imeipeleka kompyuta kiwandani ikasomwe. Sehemu ya kumbukumbu haikuwa imeungua.

Mutheu alirudi mwezi Januari. Safari hii hakulala chini ya lori. Aliwakuta Wachira na Roble yadini, akafungua kompyuta yake ya mkononi juu ya boneti ya gari lake, akawaita wasogee.

"Mnaona hapa? Umeme umeruka mara kumi na tisa kwa siku moja. Kabla ya siku hiyo hakuna kitu. Baada ya hiyo, hakuna mpaka Bissil."

"Siku gani?" Roble aliuliza.

"Haiandiki siku. Inaandika kilomita."

Aliweka kidole kwenye kioo. Halafu akatembea hadi nyuma ya lori. Walimfuata. Hakukuwa na haja ya kuwasomea. Rangi nyeupe ilikuwa imekaa vizuri. Wachira hutumia rangi ghali kwa kazi hiyo, isiyofutika kwa mkojo wa mbuzi wala kwa kuoshwa.

KM 318.

"Hiyo ni yako, fundi?"

"Ni yangu."

"Na sahihi ile?"

"Ni yangu pia."

Mutheu hakuonekana kufurahi.

"Mngeniambia," alisema. "Kamati ilikuwa ikae Jumanne. Kabla sahihi ije, nilikuwa nimewaandikia nusu."

Faili ilifungwa juma hilo hilo. Barua ya kampuni ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema kwamba uharibifu ulitokana na kazi iliyofanywa nje ya kiwanda. Ya pili ilisema kwamba, kwa sababu ya tamko lisilo la kweli, waranti iliyobaki ya gari zima imeondolewa, na ombi lolote la msaada halitazingatiwa. Roble alimpa Wachira barua aisome, akaipokea tena, akaikunja mara nne.

"Ungekataa kuweka sahihi," alisema.

"Ungeniambia nikatae."

Hayo ndiyo yalikuwa mabishano yao yote. Hawakupigiana kelele. Ijumaa iliyofuata Roble hakuja, wala ile iliyofuata. Wachira alimpigia simu mara mbili, na mara ya pili Hibaq ndiye aliyeipokea. Alisema Roble yuko Kajiado. Wachira alimwuliza anasafiri na lori la nani. Hibaq akasema, "La watu," akakata.

Roble alikuwa amerudi kule alikotoka: anakodi nafasi kwenye lori la mtu mwingine, mbuzi ishirini kwa safari, akiwatia alama ya rangi mgongoni ili wasichanganyike na wa wenzake. Lori lake bado liko yadini. Madalali wawili wamekuja kulitazama. Wanataka kuliwekea kompyuta kuukuu kutoka gari lililopata ajali, na bei wanayotaja ni ya vyuma. Mmoja wao alikisifu kizimba.

Wachira hupita hapo kila asubuhi akienda kazini. Kwa hesabu zake, kizimba kile kimebakiza kilomita elfu ishirini na tisa kabla ahadi yake kwisha.

Habari husafiri haraka kwenye barabara ya Namanga, na husafiri ikiwa imekatwa pembe. Madereva hawakusema kwamba Wachira alidanganya; hilo wangelielewa. Walisema kwamba jina la Wachira kwenye mlango wa nyuma ndilo lililomuua Roble. Kufikia Machi mwaka huu wateja watatu walikuwa wamekuja na turpentaini wakiomba kufuta rangi. Wachira aliwapa kitambaa.

Halafu akaja Nalotuesha, mama wa Kajiado anayeuza ndama, mtu wa maneno machache na shanga nyingi. Ni mkubwa kwa Wachira kwa miaka mitatu au minne, na alikuja na lori jipya.

"Takwenya," Wachira alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia.

Alimweleza anachotaka. Kizimba cha ghorofa moja, mlango wa kuteleza. Springi zisiguswe. Kifungwe kwa bolti, kusiwe na kuchomelea kwenye chasi hata tone. Mwanawe alikuwa amemsomea kitabu.

"Nitachomelea vipande chini, nje ya gari, halafu nifunge," Wachira alisema. "Na betri natoa hata hivyo."

"Toa nikiona."

Alichukua spana namba kumi, akatoa waya ya kwanza, akatoa ya pili, akaziweka mbali. Nalotuesha alizipiga picha kwa simu, moja moja, kisha akampiga picha Wachira akiwa amesimama kando yazo. Kazi ilichukua siku mbili. Jioni ya pili Wachira alirudisha waya za betri, akasoma dashibodi kwa mazoea, akaenda kwenye ukuta ambako lile bati la herufi hutundikwa.

"Hiyo wacha," Nalotuesha alisema.

"Ni jina tu. Kilomita naweza kuacha."

"Hata jina."

Wachira alisimama na bati mkononi. Kingo za herufi zilikuwa zimenenepa kwa rangi ya miaka ishirini na moja, hata W ilikuwa karibu kuziba.

"Kikipata ufa, mama, utanipataje?"

"Nitakuja. Nakujua mahali unakaa."

"Na mimi nitajuaje ni changu?"

Nalotuesha alikuwa tayari amepanda kabini. Akawasha injini.

Wachira alilifungulia geti. Lori liliingia barabarani kuelekea Kajiado, mlango wa nyuma ukiwa mtupu, bila herufi, na kabla halijafika kwenye kona likawa limechanganyika na mengine.